Bendi Isiyokuwepo, Ngoma Zilizokuwepo

Novemba 1971 santuri ndogo ya ajabu iliingia kwenye chati za mauzo za Uingereza na kupanda mpaka nafasi ya 31. Kuna ngoma nyingi, nzito, zinazopigwa kwa pamoja mpaka kifua cha msikilizaji kinatetemeka, na juu yake kinanda, gitaa na besi za muziki wa roki. Wimbo unaitwa "Burundi Black". Bendi ilitajwa kuwa Burundi Steiphenson Black: jina la nchi, jina la mtu, na rangi ya ngozi. Nchi ni hii yetu. Mtu huyo hakuwapo duniani. Na wenye ngozi hiyo, wapigaji wa ngoma tunazozisikia, hawakuwahi kukanyaga studio ilikotengenezwa santuri yao.

Nimekuwa nikiifuata njia ya santuri hii nikiwa Kinanira, kusini mwa Bujumbura, Musaga ikiwa juu yetu na Kinindo ikishuka kuelekea ziwani. Si mtaa wa wafalme huu. Ni mtaa wa nyumba zenye kuta ndefu, shule, vibanda vya mishikaki, na vijana wanaotengeneza midundo kwenye kompyuta vyumbani mwao. Mmoja wa vijana hao ndiye aliyenisukuma kuandika. Alikuwa akisikiliza albamu ya kwanza ya Gorillaz, akatoa spika za masikioni na kuniuliza: "Mzee, kumbe bendi inaweza isiwepo na bado ikauza albamu dunia nzima?" Nikamjibu: "Mwanangu, Burundi tulikuwa na bendi ya namna hiyo miaka 30 kabla yao." Hakuniamini, na sikumlaumu.

Gorillaz ilibuniwa London mwaka 1998 na mwimbaji Damon Albarn na mchora katuni Jamie Hewlett, waliokuwa wakiishi nyumba moja. Wanabendi wake wanne, 2-D, Murdoc, Noodle na Russel, ni michoro. Albamu yao ya kwanza, iliyobeba jina la bendi, ilitoka Machi 2001, ikiwa imechanganya hip hop, dub, roki na muziki wa Kilatini bila kuomba radhi kwa yeyote. Mtayarishaji wake mkuu alikuwa Dan the Automator kutoka San Francisco. Rapa Del the Funky Homosapien anasikika kwenye "Clint Eastwood", na mzee Ibrahim Ferrer wa Cuba aliimba humo kwa Kihispania. Wapo walioiona kuwa mchezo wa watu wazima waliochoka na umaarufu wao. Wasikilizaji walinunua nakala kwa mamilioni, na kitabu cha rekodi cha Guinness kikaiandika kuwa bendi ya kubuni iliyofanikiwa kuliko zote. Mwaka huohuo wa 2001 albamu iliteuliwa kugombea tuzo ya Mercury ya Uingereza, na wenyewe wakaomba iondolewe.

Lakini uongo wa Gorillaz ulikuwa wa wazi. Hakuna mnunuzi aliyedhani Murdoc anakula na kulala. Na nyuma ya michoro hiyo waliopiga na kuimba walitajwa kwa majina, mpaka mzee Ferrer. Bendi ya Burundi iligeuzwa kichwa chini. Walioipiga walikuwa na damu na jasho, wakafutwa. Aliyeandikwa jina ndiye aliyekuwa wa kubuni.

Kuielewa safari hiyo inabidi kwanza kwenda Paris, mwaka 1948, kwa mhandisi wa redio aitwaye Pierre Schaeffer. Alirekodi sauti za treni, akazikata, akazirudiarudia, akatunga nazo muziki. Kila kijana wa Kinanira anayekata kipande cha wimbo wa zamani na kukizungusha kwenye kompyuta ni mjukuu wa jaribio lile. Miaka michache baadaye Schaeffer huyohuyo aliasisi idara ya redio ya Ufaransa kwa ajili ya makoloni yake, ambayo baada ya uhuru wa nchi za Afrika iliitwa Ocora. Pamoja na kusaidia redio changa za Afrika, idara hiyo ilirekodi muziki wa vijijini, na mwanamuziki Charles Duvelle akausimamia mfululizo wa santuri zake. Mtu mmoja, basi, alifungua milango miwili: ule wa kuhifadhi sauti za watu, na ule wa kuzikata na kuzifanya kitu kingine. Sijapata kuliona jambo hili likisemwa vya kutosha.

Mwaka 1967 mrekodi wa Ocora, Michel Vuylsteke, alikuja Burundi. Santuri iliyotokana na safari yake, "Musique du Burundi", ilitoka 1968, na mpaka leo ni miongoni mwa kazi bora za aina yake. Ndani yake kuna inanga, ala ya nyuzi, ikisindikiza sauti ya mtu anayeimba kwa kunong'ona, mpaka hujui kama ni koo au ni uzi unaosema. Kuna akazehe, maamkizi ya wasichana yanayoimbwa kwa kupokezana haraka kama wanaorushiana mpira wa moto. Na kuna ngoma.

Hebu tusimame kwenye mwaka huo wa 1967, kwa sababu walioichukua sauti ile Ulaya hawakusimama. Tarehe 28 Novemba 1966 Kapteni Michel Micombero aliuangusha ufalme wa Burundi na kutangaza jamhuri. Mwami Ntare V, kijana aliyekuwa amemwondoa baba yake Mwambutsa IV miezi michache tu kabla, alikuwa ziarani Kinshasa. Akabaki nje ya nchi. Ngoma zilizorekodiwa mwaka uliofuata zilikuwa ngoma za mwami zisizo na mwami. Kwa karne kadhaa hazikuwa burudani. Zilitangaza kutawazwa kwake na kufariki kwake. Zilipigwa kwenye umuganuro, sherehe ya kufungua msimu wa kupanda mtama, desturi iliyozimwa zama za Wabelgiji. Kulikuwa na maskani maalumu za ngoma vilimani, na koo za abatimbo zilizopewa jukumu la kuzitunza, kuzichonga na kuzipiga. Juu ya zote ilikaa Karyenda, ngoma takatifu isiyoonyeshwa ovyo.

Ngoma yenyewe huchongwa kwa gogo la mti uitwao umuvugangoma, ikawambwa ngozi ya ng'ombe kwa vigingi. Wapigaji huingia wakiwa wamezibeba kichwani, huku wakipiga, kisha hujipanga nusu duara. Katikati hukaa inkiranya, anayeongoza. Amashako hushika mdundo usiokatika. Ibishikizo humfuata inkiranya kila anapobadilisha. Mmojammoja hutoka kwenda mbele kucheza, kuruka, kuonyesha ushujaa wa mwili wake, kisha hurudi akampisha mwenzake. Kwa hiyo kinachosikika kwenye santuri ni mazungumzo yenye msemaji na waitikiaji, ingawa asiyejua husikia kishindo tu.

Sasa tumfuate huyo Steiphenson. Jina lake halisi ni Michel Bernholc, Mfaransa, mpiga piano na mpangaji wa muziki, mtu aliyeheshimika katika studio za Paris na ambaye miaka iliyofuata alipanga nyimbo za waimbaji wakubwa kama Michel Berger. Alichukua rekodi ya Vuylsteke, akaweka juu yake kinanda, gitaa na besi, na kampuni ya Barclay ikaitoa. Kwa jina la Mike Steiphenson alijivika sura ya Mwingereza, na sura hiyo ilishika kwelikweli. Miaka kumi baadaye, mwaka 1981, mhakiki Robert Palmer wa New York Times aliandika kwamba aliyeitengeneza ni mwanamuziki wa Uingereza aitwaye Mike Steiphenson.

Kuna jambo katika utengenezaji wa santuri hii ambalo kila ninapoisikiliza hunipa fahari na uchungu kwa pamoja. Rekodi ilikuwa tayari imeshafungwa. Bernholc hakuweza kumwambia mpigaji apunguze mwendo, wala asubiri mpaka gitaa limalize. Ngoma inapopanda, kinanda sharti kipande. Inapobadilika, besi haina njia isipokuwa kubadilika nayo. Wanamuziki wa Paris, ndani ya studio yao, walikuwa wanamfuata inkiranya. Walimtii mtu wasiyemwona, na wakafanya kazi nzuri. Nasema wazi kwamba ni santuri nzuri. Ingekuwa mbaya, shauri lake lingekwisha zamani.

Palmer aliandika kwamba iliuza nakala zaidi ya 125,000, na kwamba waliopiga ngoma hawakupata sehemu ya faida. Sababu yake ni ya kisheria na ni rahisi kuieleza: muziki uliohesabiwa kuwa wa jadi ulionekana hauna mtunzi, na kisicho na mtunzi ni mali ya yeyote. Mtu akiongeza kinanda juu yake, kinanda kinapata mwenyewe na mirabaha yake. Ngoma inabaki yatima. Lakini ile haikuwa jadi inayoelea hewani. Ilikuwa siku fulani ya mwaka 1967, mahali fulani, watu fulani wenye mikono yao, wakipiga kwa namna ambayo wenyewe wasingeirudia sawasawa kesho yake.

Wakati santuri ikizunguka kwenye madansi ya Ulaya, nchi yenyewe ilikuwa inaelekea shimoni. Aprili 1972, miezi michache tu baada ya "Burundi Black" kusikika redioni huko, yalianza mauaji ambayo Warundi huyaita Ikiza. Ntare V, aliyekuwa amerudishwa nchini mwezi uliotangulia, aliuawa Gitega usiku wa tarehe 29. Makadirio ya waliokufa mwaka huo huanzia 100,000 na kufika 300,000: walimu, wanafunzi, makarani, wanajeshi, wakulima. Sina njia ya kuunganisha mambo haya mawili zaidi ya kuyaweka kwenye ukurasa mmoja. Jina la Burundi lilikuwa kwenye sahani za santuri za watu ambao, nadhani, wengi wao hawakujua kama ni mahali.

Mwaka 1975 Joni Mitchell, mwimbaji wa Kanada, aliichukua rekodi ileile ya Ocora na kuizungusha chini ya wimbo wake "The Jungle Line", katika albamu "The Hissing of Summer Lawns".  Yeye aliweka juu yake sauti nzito ya kinanda cha Moog na shairi kuhusu mchoraji Henri Rousseau. Wahakiki wengi hawakuipenda albamu hiyo ilipotoka, na leo wimbo huo hutajwa miongoni mwa mifano ya mwanzo ya pop kujengwa juu ya kipande kilichokatwa kutoka rekodi nyingine. Mitchell alitaja ngoma za Burundi, na hilo ni zaidi ya walilofanya wengi. Ila aliziita ngoma za vita. Ngoma za kupanda mtama na kumzika mwami zikafanywa za mashujaa wenye mikuki.

Kisha ikaja 1980. Adam Ant, mwimbaji wa London aliyekuwa hajatulia, alimlipa Malcolm McLaren, aliyekuwa meneja wa bendi ya Sex Pistols, pauni 1,000 amshauri. McLaren akampa kanda ya muziki wa kusikiliza, "Burundi Black" ikiwemo; kisha akamnyang'anya wanabendi wake na kuunda nao Bow Wow Wow, akimweka mbele binti mdogo, Annabella Lwin. Adam naye hakukata tamaa. Aliungana na mpiga gitaa Marco Pirroni, akachukua wapigaji ngoma wawili badala ya mmoja, na Novemba 1980 akatoa "Kings of the Wild Frontier". Albamu hiyo ilishika nafasi ya kwanza Uingereza na ndiyo iliyouzwa kuliko zote huko mwaka 1981. Bow Wow Wow nao walitoa wimbo wa kusifu kunakili muziki kwenye kanda tupu nyumbani, na mdundo wake ni uleule wa kwetu. Mwaka 1981 "Burundi Black" yenyewe ilitolewa upya, ikiwa imechanganywa kwa ajili ya madisko na Rusty Egan, mpiga ngoma aliyechezesha santuri klabu ya Blitz, London. Magazeti ya muziki yakapata jina la mtindo: mdundo wa Burundi. Kwa mwaka mmoja hivi nchi yetu ndogo ilikuwa mtindo wa mavazi na nywele.

Hapo ndipo wenye ngoma walipotokea. Julai 1982, Shepton Mallet, kusini magharibi mwa Uingereza, mwimbaji Peter Gabriel na wenzake walifanya tamasha la kwanza la WOMAD. Wapiga ngoma wa Burundi walipanda jukwaani wenyewe, na hata wakapiga pamoja na bendi ya Echo & the Bunnymen. Tamasha lilikuwa hasara kubwa ya fedha. Gabriel ilibidi akusanyike tena na wenzake wa zamani wa bendi ya Genesis kwa onyesho moja ili kulipa madeni. Lakini vijana waliozijua ngoma zile kupitia nywele za Adam Ant waliona kwa macho watu wakiingia wamezibeba kichwani. Mwaka 1993 kampuni ya Gabriel, Real World, ilitoa albamu ya kundi hilo, bila kinanda, bila gitaa, bila Steiphenson. Kwangu mimi hiyo ndiyo albamu ya kwanza ya bendi ile, imechelewa miaka 22.

Na ili nimtendee haki Albarn wa Gorillaz: mwaka 2011 alikwenda Kinshasa na watayarishaji kadhaa, Dan the Automator akiwa mmoja wao, wakarekodi kwa siku tano na wanamuziki wa mji huo. Albamu iliyotoka, "Kinshasa One Two", iliwataja wanamuziki, na fedha zake zilikwenda kwa shirika la Oxfam. Mtu anaweza kubishana kuhusu mengi katika kazi ya namna hiyo. Lakini tofauti yake na 1971 ni kwamba mtoto wa mwanamuziki wa Kinshasa anaweza kulionyesha jina la baba yake.

Njia yangu ilinitoa Kinanira ikanipandisha milimani kupitia Bugarama na Muramvya, mpaka Gitega, na kutoka hapo kilomita chache hadi Gishora. Maskani ya Gishora huhusishwa na Mwami Mwezi Gisabo, aliyeianzisha baada ya kumshinda mwasi Ntibirangwa. Kuna nyumba za nyasi zilizojengwa kwa mtindo wa zamani, na wapigaji wanaopokezana ufundi baba kwa mwana. Kuna pia ngoma mbili zisizopigwa, ambazo zinatunzwa tu. Moja inaitwa Ruciteme, nyingine Murimirwa. Nilipoambiwa majina hayo nilikaa kimya kitambo. Nchi ambamo hata gogo lililowambwa ngozi linaitwa kwa jina lake, ndiko zilikotoka sauti zilizouzwa Ulaya kwa jina la mtu wa kubuni.

Novemba 2014 UNESCO iliiandikisha ngoma ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Oktoba 2017 Rais Pierre Nkurunziza alitia saini amri iliyosema makundi yote yajiandikishe, yaombe kibali na kulipia kabla ya kupiga nje ya shughuli rasmi, na iliyowakataza wanawake kuzipiga. Zamani hapa Kinanira Jumamosi za harusi ngoma zilifika mpaka uani. Baada ya amri hiyo familia nyingi ziliacha. Walioitetea walisema ngoma zilikuwa zinachezewa. Nakubali kwamba kitu chenye heshima kinahitaji kulindwa. Lakini amri hiyo inamgusa binti wa mtaani kwetu anayetaka kushika fimbo; haigusi hata kidogo kampuni inayoimiliki rekodi ya Barclay. Burundi ina sheria ya haki za watunzi ya tarehe 30 Desemba 2005, na ina ofisi ya OBDA ya kuisimamia. Nguvu ingeanza hapo.

Kwa sababu kazi ya kufanya ipo, na muda wake unakwisha. Ocora ingali hai ndani ya Radio France na santuri ya 1968 ingali inasikilizwa. Orodha ya Barclay iko mikononi mwa Universal. Wanaorekodi muziki vijijini huweka madaftari: siku, kilima, nani alipiga nini. Wizara ya utamaduni na OBDA wanaweza kuandika barua kuyaomba, na wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Burundi wanaweza kuyapeleka vilimani na kuyasoma mbele ya wazee. Kijana aliyekuwa na miaka 20 kwenye nusu duara ile mwaka 1967 leo anakaribia 80. Yule kijana, jirani yangu wa Kinanira, ameshapata rekodi zote mbili, ya Vuylsteke na ya Bernholc, na ameniomba nimpeleke Gishora mwezi wa saba, shule zikifungwa, akazisikilizishe kwa wazee wa pale na kuuliza nani anaitambua mikono hiyo.